Jipu Yenye Ilikuwa Inalalisha Mama

Bila mama yangu, ile jipu ya papa ningeshaka kuiacha ivunjwe-vunjwe, kila muntu abebe kipande yake. Njo maana mbele ya kusema mambo ya sonde, kale kachuma ka moteri, niseme mambo ya mama.

Toka papa alikufa, mama hakukuwa tena analala. Sisemi alikuwa analala kidogo. Nasema kulala hakukuwa. Usiku inamukuta pa godoro yake macho wazi, asubuhi inamukuta vile vile, anahesabu mabati. Tulimupa majani ya kuchemsha. Tulimupeleka kwa munganga, munganga akamupa vidonge, vidonge vikamuleta kizunguzungu bila usingizi. Bamama ba maombi balikuja kumuwekea mikono pa kichwa, baliomba, baliimba, mpaka bao benyewe balianza kusinzia pa mukeka. Mama alibaki anabaangalia moja moja.

Fasi moja tu njo alikuwa analala: mu jipu ya papa.

Ile jipu muntu yeyote wa lupango yetu, uwanja ya nyumba zetu, anaijua. Ni ya zamani, ya essence, ile petroli, usukani kuume, inaunguruma asubuhi mpaka bakuku ya jirani inakimbia. Papa alikuwa muntu wa kuzunguka. Leo iko Pweto kukamata samaki ya kukauka, wiki ingine iko Mitwaba kwao kuleta mahindi. Juu ya mizigo, alitosha viti vyote vya nyuma, akabakisha chini tupu, mabati na matundu ya vile vyuma vyenye vilikuwa vinashika viti. Mbele kulibaki viti mbili: yake na ya mama.

Lakini mama hakutaka tena kukaa mbele. Kwetu, mujane anakaa pa chini. Bwana akikufa, muke hapandi tena pa kiti, hapandi pa kitanda, iko pa mukeka ao pa godoro ya chini, na nguo yake nyeusi, mpaka siku familia ya bwana itamutosha mu kilio na kumuvua ile nyeusi. Bajane bengine ba siku hizi, ukigeuza macho, beko pa divani banaangalia televizyo. Mama yangu hapana. Nilimufungulia mulango ya mbele siku ya kwanza ya kwenda misa, akaniangalia kama niliyemutukana.

«Mama, ni motokari. Haiko kiti ya nyumba.»

«Kiti ni kiti, hata kama inatembea.»

Basi nikatandika kagodoro kembamba kule nyuma, pa yale mabati, mama akapanda, akakaa, akajifunika kikwembe, kile kitenge yake, pa kichwa juu ya vumbi. Nikafunga bioo zote za nyuma. Nani mwenye ameishi Lubumbashi mu kiangazi ataniuliza juu ya nini? Ile vumbi nyekundu inaingia mpaka mu meno.

Kurudi kwa misa ile siku, nilisikia kintu nyuma. Nilifikiri ni moteri. Kumbe mama anakoroma! Ninaapa, kidogo nigonge taxi. Nilisimamisha pembeni ya njia, nikageuka, nikamuangalia. Analala, kinywa wazi, na mukono chini ya shavu. Nililia na kucheka mara moja, nikawasha tena, nikazunguka Katuba yote juu asilamuke.

Alipolamuka, alisema: «Papa yenu iko mule. Ninasikia harufu yake.»

Na ilikuwa kweli, papa alikuwa ananuka motokari: essence, mafuta, moshi. Hata misa ya Pasaka, na kostimi, alikuwa ananuka moshi.

Toka ile siku nikawa dereva wa kulalisha mama. Mi ninauzisha bikwembe ku soko, ninachoka kama bengine, lakini nikifunga meza, ninarudi, ninamupandisha, tunazunguka. Kenya ya hapa Lubumbashi, Kamalondo, Kampemba, mitaa yote, tunarudi. Hatuende fasi. Majirani balinicheka: «Eh, muzazi wa mama yake! Unaenda kubembeleza mutoto?» Nilibajibu: «Kama nyinyi muko na wivu, mutafute jipu yenu.» Na baliposikia ni papa njo anamulalisha, baliacha kunicheka. Kila muntu aliamini. Mi wa kwanza.

Sasa, ile taa.

Pa tablo ya jipu, mbele ya usukani, kuko taa ya manjano, yenye mufano wa moteri. Ilianza kuwaka siku moja, ikazima, ikawaka, kisha ikakataa kabisa kuzima. Jipu ikaanza kukunywa essence kama bibi harusi wa kijiji anakunywa soda. Ningevumilia. Lakini shangazi yangu, dada mukubwa wa papa, alipiga simu toka Mitwaba: familia imeshaka kukata shauri, mavuno imeingia, mama apelekwe kule, bamutoshe ile nguo nyeusi. Na apelekwe na jipu ya papa. «Bantu baone motokari yake inarudi kwao,» alisema. Shangazi haombi. Anaamuru.

Mitwaba haiko hapa. Unapita Likasi, kisha goudron, njia ya lami, inakuaga, ni vumbi, mashimo na pori. Jipu ikikufia kule na mama mwenye hapandi pa kiti, utamulalisha wapi? Njo nikaenda kwa fundi.

Huyu fundi iko Kenya, mu lupango yenye haina nyumba, ni motokari tu zenye zimevuliwa nguo. Muntu munene, kofia ya sufu hata mu jua, na sauti ya kuhubiri. Iko na valize, ile mashini ya kuchomeka chini ya usukani yenye inasoma magonjwa ya moteri. Kwa yee valize ni nabii. Alichomeka, akangoja, akasoma, akakunja mikono pa tumbo.

«Yaya,» akaniita kama dada yake mukubwa, «ni sonde.»

«Sonde ni nini?»

«Ni pua ya moteri. Inakaa pa bomba la moshi, inanusa. Kama hewa ni mingi, inaambia ubongo ya motokari: ongeza essence. Kama essence ni mingi, inasema: punguza. Yako imekufa pua. Inasema hewa ni mingi, hewa ni mingi, kila saa. Njo maana inakunywa essence bure.»

«Valize inaweza kudanganya?»

«Valize haidanganyake, yaya. Bantu njo banadanganya.»

Sawa. Akatia sonde ya kwanza, ya kutosha mu motokari ingine yenye ilianguka. Waya hazikufanana rangi, akaunga-unga na skochi nyeusi ya kunata, akasema «ni mambo ya waya tu, yote ni moja». Taa ikazima. Nikafurahi, nikamuita papa kule aliko, nikamushukuru. Nilizungusha mama, akalala muzuri sana, hata muzuri kuliko mbele. Kisha ile taa, pa!, ikanifungulia jicho yake ya manjano mbele ya soko.

Nikarudi. Fundi akasema ni kosa ya ile sonde, iko ya zamani, nikamate ya mupya. Nikakamata ya mupya, ya mu karton, na plastiki yake. Akatia. Taa ikazima. Sikufurahi tena haraka. Nilifanya vizuri, juu haikungoja hata jua izame. Ikawaka.

Kurudi mara ya tatu nilikuwa moto. Yee alikuwa anakula bukari, hakuinuka hata.

«Yaya, ile ya mupya nayo iko ya bandia. Siku hizi bintu ya kweli hakuna.»

«Ya zamani mubaya, ya mupya mubaya, iko wapi ile yenye Mungu aliumba muzuri?»

«Sikia. Kuko njia. Ninatosha tu kataa kenyewe. Kanazima kabisa. Unaenda Mitwaba na moyo baridi.»

«Mutoto akilia, unamufunga kinywa na kitambaa? Ni vile ulilelewa? Hii motokari itabeba mama yangu mu pori, na weye unataka kuifunga kinywa!»

Bantu ba lupango banageuka kuangalia. Alinawa mikono pole pole, na hasira yake nayo ilikuwa inapanda. «Basi weye fanya, yaya. Kama unajua, fanya.»

Sikujua kintu. Lakini mi ni muntu wa soko, na ku soko mizani ikikupa kilo yenye haikupendeze, mbele ya kuita muuzaji mwizi, unabadilisha sahani: ya kuume inaenda kushoto. Nikamuuliza kama moteri iko na sonde moja tu. Akasema hapana, ziko kuume na kushoto, kila upande na bomba yake. Yenye valize inalalamikia ni ya kushoto.

«Sasa badilisha. Ya kushoto utie kuume, ya kuume utie kushoto.»

«Itakusaidia nini?»

«Kama ugonjwa iko mu sonde, itahama nayo. Kama haihame, ugonjwa iko mu nyumba.»

Alitaka kunicheka, nikaona kicheko imefika pa midomo, ikarudi. Akabadilisha. Tukazungusha jipu kidogo, akachomeka valize. Ilisoma tena: kushoto. Sonde ya kuume, yenye hakuna siku ililalamika, nayo kufika kushoto ikaanza kuimba wimbo ile ile: hewa ni mingi, hewa ni mingi.

Fundi alitosha ile kofia yake. Mara ya kwanza niliona kichwa yake. «Kumbe sonde inasema kweli,» alisema. «Kule hewa inaingia. Kuko tundu pa bomba, mbele ya sonde.»

«Na zile zote tulitupa?»

«Hazikuwa na kosa.»

Hata hakuona haya. Alisema nirudi asubuhi, mapema, moteri ikiwa baridi. Ikipata moto chuma inavimba, tundu inajifunga, haionekane. Tulikuwa mu ule mwezi wa sita wenye asubuhi unapumua na unaona pumzi yako.

Kesho yake mama hakuwa amelala tena usiku yote. Alinisikia natafuta ufunguo, akaja na kikwembe yake pa kichwa kama mutoto mwenye anasikia banaenda soko. «Nibebe.» Nikamubeba. Kutoka kwetu mpaka kwa fundi haiko mbali, chuma haipate moto, lakini tulipofika alikuwa ameshaka kulala pa kagodoro kake. Niliweka kidole pa midomo kuonyesha fundi. Alitikisa kichwa na heshima. Yee pia alijua ile habari ya papa.

«Tumuache alale,» nilisema.

«Tumuache. Tutafanya pole pole. Usizime moteri.»

Alikamata kitambaa, akakichovya mu maji, akakisukuma pa mwisho wa bomba, kule nyuma moshi inapotokea, akakishika na kiatu. «Moshi ikikosa mulango kubwa,» alisema, «itatafuta ile ndogo. Sikia.» Nikainama. Chini ya jipu kulikuwa kunafanya tsss, tsss, tsss, kama sufuria ya sombe inachemka. Akaniambia nishike kitambaa na muguu yangu, akatandika gunia, akaingia chini na tochi.

«Njo hii! Yaya, njo hii!» Alikuwa anapiga kelele ya furaha. «Kuko masizi nyeusi, kuko… eh! Kuko kopo!»

«Kopo ya nini?»

«Kopo ya maziwa! Muntu alikata kopo ya maziwa, akazungushia bomba, akafunga na waya. Waya imekatika, kopo imefunguka.»

Nilipiga magoti, nikaangalia. Tochi ilikuwa inaonyesha waya yenye imesokotwa mara nyingi, na ncha yake imekunjwa ndani kama muntu anatia sahihi yake. Ile kukunja ninaijua. Kwetu papa alifunga vile mulango ya bakuku, mukono wa ndoo, antena ya redio, hata miwani yake. Ilimuharibikia njia ya Pweto, hakika, akafunga na kopo ya maziwa yake ya chai, akafika, akasahau. Nilicheka. Ninawaambia kweli, nilicheka sana, nilisikia papa iko pale anasema «inashika, inashika, mutoto, usijali». Muguu yangu bado iko pa kitambaa.

Nikaacha kitambaa, nikaenda kufungua mulango ya nyuma. Nilitaka kuamusha mama, nimwambie: kuja uone kazi ya bwana yako.

Nikafungua.

Ndani kulikuwa kweupe. Mbele nilifikiri ni pumzi ya mama juu ya baridi. Lakini haikuwa inatoka kwa mama. Ilikuwa inapanda toka chini, pembeni pembeni ya kagodoro, mu matundu ya vile vyuma vya viti, pole pole, nyeupe, inapita pa shavu yake, inaingia chini ya kikwembe. Na mama alikuwa amelala vile vile, mukono chini ya shavu.

«Mama.»

Hakuna.

«Mama! Mama weee!»

Nilimutikisa, kichwa yake ikaenda kule yenyewe. Nilimupiga kofi. Mi, nilipiga mama yangu kofi, mbili, tatu, sijui. Mawee! Nililia mpaka fundi alitoka chini ya jipu na kugonga kichwa pa chuma, akaona, akakimbia kuzima moteri. Alinisukuma, akamushika mama chini ya makwapa, akamuvuta inje, tukamulaza pa udongo, mu hewa. Midomo yake ilikuwa na rangi yenye sikupenda. Fundi alikuwa anapiga kofia yake mbele ya uso wa mama kumupa upepo, na anasema «Yesu, Yesu, Yesu», hana tena ile sauti ya kuhubiri. Mi nilirarua kifungo cha shingo yake.

Akakohoa. Akatapika pa viatu vya fundi. Akafungua macho, akaniangalia na hasira.

«Juu ya nini munanilamusha?»

Ku hospitali bamutia hewa ya chupa pa pua, na docteur, kijana mwenye alikuwa anasema pole pole, akaniuliza maulizo. Mama anaumwaka kichwa? Ndiyo, akitoka mu jipu. Anatapika? Mara mara, tulisema ni vidonge. Na mi, ninaumwa kichwa? Kila Jumapili, lakini nilifikiri ni mahubiri, padri wetu anasema murefu. Kioo yangu ya mbele haifungake mpaka mwisho, njo Mungu alinichungia pale. Mama alikuwa pa chini kabisa, pua yake juu ya matundu, bioo zimefungwa, na kikwembe pa kichwa.

Docteur aliandika, kisha akaacha kuandika. «Yaya, ile haikuwa usingizi.»

«Haikuwa nini?»

«Alikuwa anazimia. Moshi ya motokari ilikuwa inamuzimisha. Kila mara munazunguka, munamuzimisha kidogo, munamurudisha. Leo mulifunga bomba, moshi yote ikaenda kwake.»

Nilimwambia tulikuwa tunajitengeneza kwenda Mitwaba. Akauliza: bioo zimefungwa? Nikasema ndiyo, juu ya vumbi. Akaniangalia. «Mungefikisha maiti,» alisema, na akaenda kuona mugonjwa mwingine.

Nilitoka, nikakaa pa ngazi ya hospitali.  Zile jioni zote! Katuba, Kamalondo, Kampemba, mi pa usukani ninatabasamu, ninaenda pole pole juu mama asilamuke. Bantu bananipungia mukono: mutoto muzuri, anapenda mama yake. Niliwaka hasira. Nilikasirikia fundi, valize, taa, shangazi, majirani. Nilikasirikia papa na kopo yake ya maziwa, nikamutukana pale pale, kwa sauti, mpaka muke wa muntu mwenye alikuwa anapita na tizani mu terimosi akafanya ishara ya musalaba.

Fundi alifanya kazi. Ile sitamunyima. Alikata kipande ya bomba, akachomea ingine, akatia joint mupya, akafunika matundu yote ya chini na mabati, akachomea. Sonde ya kwanza kabisa, ile yenye jipu ilizaliwa nayo, ilikuwa bado mu sanduku yake ya takataka, akaisafisha, akairudisha. Taa ikazima. Imezima mpaka leo.

Mama alirudi nyumba. Jioni ya kwanza, alipanda mu jipu yee mwenyewe, akakaa pa kagodoro, akajifunika. Tukazunguka kama siku zote. Nilikuwa ninamuangalia mu kioo ya katikati. Kenya, macho wazi. Kamalondo, macho wazi. Aligeuka upande, akageuka tena, akaweka pua pa mabati mapya, akanusa.

«Hayuko,» alisema.

Nikaangalia njia tu. 

Tulifika mu lupango, nikazima moteri. Hakushuka. Alisema na ile sauti ya kutuma muntu chumvi: «Mwambie ule fundi arudishe ile kopo.»

Nilifikiri anatania. Niligeuka. Hakuwa anatania.

«Mama, ile kopo ilikuwa inakuua.»

«Ninajua. Docteur alisema mbele yangu.»

«Unajua, na unataka?»

«Hata mbele ya docteur nilijua. Mi nimezeeka na ule muntu na motokari yake, mi sijui harufu ya moshi?»

Yo! Sijui nitasema namna gani vile ilinipiga. Ile kuona moshi nyeupe pembeni ya shavu yake, ilikuwa kintu. Lakini hii!  Nilishuka, nikafungua mulango ya nyuma na nguvu mpaka ikagonga, na nikapiga kelele mu lupango yote isikie.

«Ulijua! Mi ninakuzungusha kama mupumbavu, ninashukuru Mungu, na weye ulijua! Ulitaka nikuue na mikono yangu? Nikufikishe kwa bashangazi unakauka kama samaki? Na mi? Papa ameenda, weye uende, mi nibakie na nani? Na bikwembe?»

Mama alikuwa anaangalia mikono yake. Majirani balitoka pa milango yabo. Hakuna hata mumoja alinicheka.

«Sikutaka kufa,» alisema kisha. «Nilitaka kulala pembeni yake. Sikuuliza kulala inaishia wapi na kufa inaanzia wapi.»

Nilimubeba chini. Alikuwa mwepesi, ilinitisha. 

Tulikwenda Mitwaba kama shauri ilivyokatwa. Nilifungua bioo zote, zote, ya mbele na ya nyuma, na nilimwambia mama kama anagusa moja nitasimamisha jipu na kurudi kwa muguu. Alikaa pa chini, pa godoro, na kikwembe yake. Goudron ikaisha. Vumbi ikaingia kama maji, mpaka sikuona vizuri mu kioo ya katikati, lakini kila mara niliangalia nilikuta macho yake, mekundu, wazi, yanaangalia mabati. Mara ingine alikuwa anapapasa na mukono, pembeni pembeni, kama muntu mwenye alidondosha sindano. Nilikuwa ninalia na kuendesha, vumbi ilinifanyia kichaka ya kuficha machozi.

Mbele ya daraja moja ya miti, alipiga kiti yangu na ngumi, nyuma ya mugongo.

«Simamisha.»

Nikasimamisha. Nilifikiri anataka kujisaidia. Nikasikia mulango ya nyuma, nikasikia makanyagio yake pa changarawe, anazunguka jipu pole pole na mukono pa bodi. Akafika mbele, upande wa kushoto. Akavuta mulango. Alikuwa mwekundu yote na vumbi, nyusi, midomo, na nguo nyeusi haikuwa tena nyeusi. Akapangusa kiti yake na ncha ya kikwembe. Akapanda. Akakaa.

 Mujane, mu nguo ya kilio, mbele ya kutoshwa, pa kiti, na tunaenda kwa wenyewe!

«Mama. Bashangazi bataona.»

«Baone.» Alivuta mulango yake, ikafunga. «Nimemutafuta kule nyuma toka Lubumbashi. Hakuna muntu.»